Robo ya Kumi na Mbili

Lorene Stuhr alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao hauna dawa: udadisi. Ndiye aliyetunza kumbukumbu za Chuo cha Wexley, kule Nebraska, na aliweza kukosa chakula cha mchana kwa sababu tu kaona picha ya mwaka 1911 na hajui yule wa tatu kutoka kushoto ni nani. Basi mzee Orval Kneip alipoingia ofisini kwake Jumatatu ile ya Oktoba 1984, maskini, hakujua kajipeleka kwa nani.

"Mama, nimekuja kuulizia sweta yangu."

Sweta yenyewe ni ile ya herufi. Mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kukimbia na mpira mikononi, hapo Wexley, akiingia uwanjani katika robo kumi na mbili za msimu (kila mechi ina robo nne), hata kwa dakika moja tu kila robo, hupewa sweta ya sufu yenye W kubwa kifuani. Asiyefikisha, hana chake. Na Jumamosi ya wiki hiyo timu ya 1934 ilikuwa inatimiza miaka hamsini. Wenye sweta wangetembea uwanjani mbele ya mji mzima.

Lorene akafungua jalada. "Karatasi ya chuo inasema robo kumi na moja, mzee wangu."

"Inasema uongo. Niliingia mechi ya Pruett. Robo ya tatu."

Mechi ya Pruett! Lorene akaweka kalamu chini. Nani asiyeijua mechi hiyo? Msimu ule vijana walishinda mechi nane mfululizo, na huo ulikuwa mwaka wa ukame, mahindi yamekauka, ng'ombe wanauzwa bei ya kutupa, mji hauna furaha nyingine ila timu. Mechi ya tisa, ya mwisho, ilikuwa dhidi ya Pruett. Katika robo ya tatu likatimka vumbi la kuziba jua, watu wakajifunga vitambaa usoni, na wachezaji, kwa ubishi wa ujana, wakaendelea kucheza hivyo hivyo. Ndani ya vumbi hilo Merritt Ostby, mkimbiaji wao hodari, akaangusha mpira hatua chache kutoka mstari wao wenyewe wa goli. Pruett wakaurukia, wakavuka nao mstari wakapata pointi sita, wakashinda sita kwa sifuri. Tangu siku hiyo Ostby akaitwa Mikono Sabuni. Alikuwa bado na duka la vifaa vya shamba barabara kuu, na hata watoto wa shule walimwita hivyo bila kujua sababu.

"Uliingia badala ya nani?" Lorene akauliza.

Mzee Orval akatazama dirishani. "Nimesahau."

Eti kasahau! Mtu anakumbuka robo, hakumbuki aliyempisha? Lorene hakulala vizuri.

Siku mbili alipekua makabati bila kupata kitu. Jumatano akakumbuka sanduku la marehemu Kocha Bascom, aliyeifundisha timu ile, lililoletwa na binti yake tangu majira ya kuchipua, na hakuna aliyelifungua. Chini kabisa, ndani ya soksi, palikuwa na daftari dogo. Ukurasa wa Pruett ulikuwa na mstari huu: *Ostby nje, Kneip ndani, robo ya tatu, zimebaki dakika sita.*

Lorene akachukua gazeti la siku ile. Mpira ulianguka zikiwa zimebaki dakika tano na nusu, robo hiyo hiyo. Akasoma tena. Akaenda kutafuta kitabu cha sheria cha 1934 ahakikishe, maana yeye hakubali kitu kwa kukisia. Sheria ya enzi hizo ilikuwa wazi: anayetolewa haruhusiwi kurudi mpaka robo inayofuata. Na anayeingia haruhusiwi kuwaambia wenzake hata neno moja mpaka mpira uchezwe mara moja, asije akawa kabeba ujumbe wa kocha.

"Ala!" akasema peke yake.

Ostby alikuwa nje, amekaa kwenye benchi. Aliyeangusha mpira ni kijana aliyeingia vumbini bila kuruhusiwa kusema "mimi hapa."

Alhamisi mzee Orval alirudi. Lorene akamwekea daftari mbele.

"Sweta yako ipo. Ila imekuja na mpira."

Mzee akakaa. "Kocha aliniambia ninyamaze. Alisema Ostby ni shujaa, kesho watamsamehe, ila mimi watanitafuna mzima. Akaifuta ile robo yangu kwenye karatasi ya chuo."

"Na Ostby hakusema?"

"Alisema! Alisimama kwenye chumba cha kubadilishia nguo akasema, jamani, sikuwa ndani. Wakacheka mpaka machozi. Kocha kimya. Mimi nilikuwa nafungua viatu." Akalisogeza daftari pembeni. "Mama, huwezi kuandika niliingia, ukaishia hapo?"

"Siwezi!" Lorene alikuwa na hasira. "Miaka hamsini, mzee! Huoni haya?"

"Naona." Akalirudisha daftari mbele ya Lorene. "Haya. Andika yote. Halafu twende wote kwa Ostby, maana peke yangu nitageuka njiani."

Dukani kwa Ostby palikuwa na wateja wanne. Mmoja alikuwa anapimiwa misumari. "Angalia, Mikono Sabuni, usije ukanimwagia!" Ostby akatabasamu tabasamu lile lililochakaa. Orval akampa karatasi aliyoandika Lorene, bila salamu.

Ostby akavaa miwani. Akasoma, akarudia. Hakumtazama Orval hata kidogo. Akageuka upande wa stoo, akaita kwa sauti kubwa: "Idella!"

Mkewe akatoka akijifuta mikono. "Nini tena?"

"Soma. Kwa sauti, hawa wasikie."

Idella akaanza kusoma. Mstari wa nne sauti ikakatika, akamalizia kwa macho.

"Nilikwambia kabla hatujaoana," Ostby akasema. "Nilikwambia nini?"

"Kwamba hukuwa uwanjani."

"Ukanijibu nini?"

Idella akashika ukingo wa kaunta. "Kwamba mwanaume mzima akubali kosa lake."

"Mara ngapi?"

"Kila mwaka, Merritt." Machozi yakamtoka. "Kila mwaka, nami nacheka."

Orval akasogea. "Merritt, mwenye kosa ni mimi. Nisamehe, ndugu yangu."

"Wewe subiri, Kneip," Ostby akasema, macho yake bado kwa mkewe. "Wewe hukuwa unanijua kama huyu anavyonijua."