Chungu Kisichotoa Moshi

Mama yake Donatus alikufa akitetemeka. Miaka ishirini alichoma dhahabu kwenye kikaango huko machimboni Nyarugusu, moshi wa zebaki ukimpiga usoni, hata mwisho akawa hawezi kufikisha kijiko cha uji mdomoni.

Donatus alipokuwa mhandisi alibuni chungu cha chuma, chenye mfuniko wa kubana na bomba la kuupoza ule moshi urudi kuwa zebaki. "Nimekitengeneza kwa ajili ya mama," aliwaambia majaji wa shindano. Wakampa ushindi.

Jambo moja alilinyamazia. Mpira wa mfuniko ulikuwa ukipasuka baada ya kuchoma mara arobaini hivi. Alilijua, ila siku ya kupeleka ripoti kwa wafadhili ilikuwa imewadia, naye alitaka kupata jina. Akajiambia atarekebisha baadaye. Vyungu mia tatu vikagawiwa huko Nyarugusu.

Baada ya miaka miwili alirudi na mpiga picha, moja kwa moja hadi kwa Generosa, shoga wa marehemu mama yake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu! Karibu ndani."

Chungu kilikuwa jikoni, juu ya mafiga.

"Mbona mnachomea ndani?"

"Nje vibaka wanatuona. Zamani moshi ulitufukuza humu. Chako hakitoi moshi, basi tunafunga mlango, tunachoma kwa raha zetu."

Suzana, mkwe wa Generosa, aliingia na chai, mimba yake imeshakuwa kubwa. Vikombe viligongana kwenye sinia. Donatus aliitazama ile mikono, akaijua.

Akainua mfuniko. Mpira ulikuwa umechanika pande tatu. Akamwambia mpiga picha atoke, kisha akasema yote: mpira ukipasuka, mvuke wa zebaki huvuja bila kuonekana.

Generosa aliugusa ule mpira uliochanika. "Ulijua?"

"Nilijua mpira utapasuka. Sikujua mtachomea ndani."

"Kikaango tulikikimbia, Donatus. Hiki tulikaa nacho, kwa kuwa ulisema ni salama."

Donatus aliwaandikia wafadhili siku hiyohiyo. Wakamjibu asubiri tathmini. Hakusubiri. Alizunguka nyumba kwa nyumba akivikusanya vyungu, akapata sitini na kimoja. Waliobaki walivificha. Walidhani anataka kuviuza mjini Katoro.

Suzana alijifungua mwezi uliofuata. Mtoto hakulia.

Donatus alikwenda kuzika. Generosa hakumfukuza, wala hakumpa mkono. Alimwonyesha tu majembe yalipo, naye akachukua moja, akachimba pamoja na wenzake.