Harufu Nyuma ya Meza ya Nane

Yuk-ling alikuwa amesukuma toroli la vikapu vya mvuke kwa miaka ishirini na sita katika mkahawa mmoja wa chai, ghorofa ya pili, mtaa wa Sham Shui Po. Jumapili ile, saa nne asubuhi, watu walijaa hadi kwenye ngazi, namba mkononi, wakiwakodolea macho waliokaa ili waone nani anakaribia kumaliza birika lake.

Alipofika meza ya nane, karibu na ukuta wa jikoni, harufu ilimpiga puani. Si samaki, si kabichi ya chumvi. Mayai viza. Toroli lake lilikuwa na moto mdogo chini ya sufuria ya maji. Akauzima papo hapo, akamwendea bosi wake, Bwana Szeto, kwenye meza ya malipo.

"Bosi, gesi inavuja. Kule meza ya nane."

"Ni mtaro wa choo huo, Dada Ling. Siku zote unanuka."

"Mtaro naujua. Hii ni gesi."

"Unaona ngazi zilivyojaa? Niwaambie nini watu wale? Hebu peleka vikapu, vinapoa."

Yuk-ling alimtazama. Hakuwahi kumbishia. Aligeuka, akazima moto wa toroli la pili, la tatu, kisha akaingia jikoni.

"Zimeni majiko yote!"

"Bosi kasema?" aliuliza mpishi mkuu, Kwok, jasho likimtiririka.

"Nimesema mimi. Njoo unuse huku."

Kwok alitoka na mwiko wake, akavuta pumzi mara moja tu. Uso ukambadilika. Alirudi mbio akafunga koki kubwa.

Lakini gesi iliyokwisha kuvuja ilikuwa humo humo ukumbini. Yuk-ling alipaza sauti: "Jamani, tokeni nje! Gesi! Msiguse swichi yoyote!"

Hakuna aliyeinuka.

"Nimeisubiri meza hii dakika hamsini," alisema mama mmoja mnene. "Nikitoka, nani atanilindia?"

"Dada Ling ana miadi ya kamari leo," mwingine akadakia. Watu wakacheka.

Yuk-ling alinyakua birika la yule mama, akamsukumia kifuani. "Beba! Kanywe barabarani! Na meza yako nitakulindia mimi, haya!"

Mama akanyanyuka na birika lake. Wa meza ya jirani naye akabeba lake. Mara ukumbi mzima ukawa unateremka ngazi, watu wamekumbatia mabirika na vikapu, midomo imejaa.

Mzee Fok, mteja wao wa siku nyingi, peke yake ndiye aliyebaki, na gazeti lake.

"Babu, twende!"

"Bila mke wangu siendi. Yuko msalani."

Yuk-ling alikimbilia huko. Kwenye ujia wa choo harufu ilikuwa nzito hata macho yakawasha. Aligonga mlango. Kimya. Akagonga kwa ngumi. Mama Fok alikuwa kiziwi kama kuta zenyewe. Yuk-ling alilala kifudifudi sakafuni, akapitisha mkono chini ya mlango, akashika kiatu, akakitikisa.

"Mshenzi gani huyo!" ilisikika sauti ya hasira, na kitasa kikalia.

Yuk-ling hakueleza kitu. Alimshika kiuno bibi yule aliyekuwa akimpiga mabegani, akampitia mumewe, wakateremka watatu.

Zimamoto walikuta bomba la gesi limeliwa na kutu ndani ya ukuta wa choo. Ofisa wao alimwambia Bwana Szeto kwamba cheche moja tu ingetosha. Szeto akamfuata Yuk-ling, aliyekuwa ameketi ukingoni mwa barabara.

"Kwa nini hukungoja nikuruhusu?"

"Ningengoja, bosi, saa hii ungekuwa unaniuliza ukiwa wapi?"

Szeto alivua koti lake, akamfunika mabegani, akaenda kuwaomba radhi wateja, mmoja baada ya mwingine.

Mama Fok, ambaye sasa alikuwa ameelezwa kwa kupigiwa kelele sikioni, alikuja na kikombe cha chai iliyokwisha kupoa. Yuk-ling alishindwa kukishika. Bibi akamnywesha taratibu, kama anavyonyweshwa mgonjwa, huku akimnung'unikia: "Lakini kiatu changu umekichana, mwanangu."