Mratibu, Shuka Kidogo

Ofisi ya Shirika la Nyanyuka ilikuwa ghorofani mjini Katesh, juu ya duka la vitenge la Mwantumu. Shirika lenyewe liliwahudumia watu wa Hanang wenye ulemavu, na ngazi za kulifikia zilikuwa za saruji, nyembamba, zisizo na mahali pa kushika. Wanachama wengi waliishia chini. Walikaa kwenye baraza ya Mwantumu wakisubiri mtu awapelekee shida zao juu.

Verediana wa Mogitu hakupenda kusubiri barazani. Miguu yake ilipooza tangu utotoni, na safari zake zote alikwenda kwa baiskeli ya magurudumu matatu aliyoiendesha kwa mikono. Mikono hiyo ilikuwa na nguvu kiasi kwamba wanaume wa gulioni walikwepa kusalimiana naye kwa kushikana. Siku ya kikao cha mwaka alivaa gauni jipya la bluu, akaingia Katesh mapema. Mratibu wa shirika, Wolfgang, akatuma vijana wawili wa bodaboda wambebe hadi juu.

Walimbeba kama kabati. Mmoja alimshika kwapani, mwingine miguuni. Katikati ya ngazi yule wa chini akateleza, gauni likapanda juu ya mapaja, na watu wote wa barabarani wakatazama.

"Samahani dada, kumbe mzito!" akasema kijana, na watu wakacheka.

Verediana hakucheka. Alifika juu ameshikilia gauni kwa mikono yote miwili, na kikaoni hakusikia neno hata moja mpaka ulipofika wakati wa mengineyo. Hapo akanyoosha mkono.

"Mratibu, kwa nini ofisi yetu iko huku?"

Wolfgang alikuwa mtu wa Tlawi, mnene kidogo, mwenye moyo mzuri, na hodari wa kuwafurahisha watu kwa maneno. Lakini alipapenda kule juu. Mtandao ulikuwa mzuri, vumbi halikufika, na dirisha lilitazama Mlima Hanang moja kwa moja. Wageni walipenda kupigia picha pale.

"Dada Verediana, hiyo ni changamoto ya msingi kabisa," akajibu. "Tutaiingiza kwenye mpango mkakati. Ila kuanzia leo natamka: mwanachama asipande tena ngazi hizi! Ukifika chini, nibipu tu. Nitashuka mimi mwenyewe."

Wakampigia makofi. Mzee Qamara, aliyekatwa mguu mmoja na kutembelea magongo, alipiga makofi kuliko wote.

Wakati wa kushuka Verediana alikataa kubebwa. Alishuka kwa makalio, ngazi baada ya ngazi, gauni la bluu likigeuka rangi ya saruji. Chini alimkuta Mzee Qamara anamsubiri.

"Umesikia alichotamka?" mzee akauliza.

"Nimesikia."

"Na mimi nimesikia. Kesho nina shida, lazima nimwone."

"Shida gani, mzee?"

"Bado sijaijua. Nitaijua nikifika."

Verediana akamtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.

Kesho yake simu ya Wolfgang ikabipiwa. Akashuka mbio, akamkuta Mzee Qamara amesimama kwa magongo yake barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Mama watoto hajambo? Watoto? Wanasoma?"

"Wanasoma, mzee."

"Na huko kwenu Tlawi mvua imeshika? Mahindi yamefika wapi? Na ng'ombe wa baba yako, wanakamuliwa?"

Mtu hamkatishi mzee anapomjulia hali. Wolfgang akajibu kuhusu mvua, mahindi na ng'ombe, kisha kuhusu ndama, kisha kuhusu shangazi ambaye Mzee Qamara alidai aliwahi kumfahamu. Hatimaye akauliza, "Sasa mzee, shida ni nini?"

"Nilitaka kukujulia hali tu," akajibu Mzee Qamara. "Kule juu nisingeweza."

Wolfgang hajakaa vizuri kwenye kiti chake, Verediana akabipu. Alitaka kujua fulana za shirika za mwaka huu ni za rangi gani.

"Kijani, dada."

"Kijani cha majani au kijani cha chupa?"

Wolfgang akapanda kuleta fulana. Verediana akaigeuza huku na huku. "Mbona hii ni ya mtoto? Niletee kubwa nione mikono inakaaje." Akapanda tena. Aliporudi anahema, Verediana akaitazama ile kubwa kwa makini, akasema ni nzuri, akashukuru, akaondoka.

Habari zikasambaa. Siku za gulio ndizo zilikuwa mbaya zaidi. Hilda, mwanachama kiziwi asiyeweza kupiga simu, aliazima kwa Mwantumu ule mti wa kupimia vitambaa, akagonga nao bomba la mvua la bati. Kwa kuwa hakusikia kelele zake mwenyewe, aligonga mpaka alipoona kichwa cha Wolfgang dirishani, na majirani wote vichwa nje. Wolfgang alijaribu kumtuma karani, lakini kila mwanachama alimrudisha kwa upole: "Mratibu alisema atashuka yeye mwenyewe."

Suruali zikaanza kumlegea. Magoti yakamwuma. Mwisho akachoka kupanda. Mwantumu akampa kigoda kando ya meza yake ya kukatia vitambaa, na asubuhi moja Wolfgang akashuka na kompyuta yake, akaiweka katikati ya majora ya vitenge.

Wateja walimdhania mwuza duka. Mwanzoni alikanusha. Baadaye, akisubiri mtandao ambao chini ulisuasua, akaanza kujibu. "Hiki hakichuji, mama. Na rangi hii inakupenda." Kumbe maneno yake matamu yalikuwa yamekosa soko tu. Mwantumu alifurahi hata akawa anampikia chai ya tangawizi.

Ndipo siku moja, bila taarifa, akaja Bi Loveness, mkubwa wa Wolfgang kutoka makao makuu. Alipanda ngazi kwa viatu virefu, akamkuta karani amelala juu ya meza.

"Mratibu yuko wapi?"

Karani akashtuka. "Yuko chini, mama. Anauza vitenge."

Bi Loveness alishuka taratibu, mkono ukutani. Dukani akamkuta Wolfgang amejitanda kitenge cha njano begani, akimwonyesha bibi mmoja namna kinavyoanguka. Kitenge kikamponyoka Wolfgang.

"Wolfgang," akasema Bi Loveness, "hii ndiyo kazi tuliyokupa?"

Verediana alikuwa palepale mlangoni kwenye baiskeli yake, na Mzee Qamara kando. Verediana alikuwa ametaka kumchosha Wolfgang, hakutaka afukuzwe. Tena Wolfgang angeweza kuwataja, akasema jinsi walivyomsumbua kwa fulana na shangazi. Hakuwataja. Aliinama tu kuokota kitenge.

"Shikamoo mama," Verediana akaingilia. "Karibu ofisini."

"Marahaba. Ofisini wapi?"

"Hapa. Kule juu sisi hatufiki. Tangu mratibu ashuke, hakuna mwanachama aliyebebwa. Mimi walinibeba mara moja, nguo ikanivuka mbele za watu. Sitaki tena."

Bi Loveness akaziangalia zile ngazi, kisha akavua kiatu kimoja na kusugua kifundo cha mguu. Halafu akamgeukia Mwantumu.

"Chumba hicho cha nyuma kina nini?"

"Magodoro, mama."

"Yanaweza kukaa juu?"

"Magodoro yangu hayajali ngazi," akajibu Mwantumu.

Kabla ya jioni magodoro yalikuwa yameanza kupanda, na meza za shirika kushuka. Wiki iliyofuata Verediana aliingia ofisini na baiskeli yake, akaiendesha mpaka magurudumu yakagusa meza ya mratibu. Hakusaidiwa na mtu.

Wolfgang akamtazama. "Niambie ukweli. Mlinipangia njama?"

"Tulikupangia," akasema Verediana.

"Siku ile nilijua kazi imekwisha. Usiku sikulala."

Verediana akashusha macho. "Hata mimi niliogopa. Hapo tulizidisha. Tusamehe, kaka."

Wolfgang akakuna kidevu, uso mzito kabisa. "Basi na mimi nina tamko," akasema. "Kwa kuwa sasa ofisi inawafuata wanachama, mkutano ujao utafanyika Mogitu, nyumbani kwako. Jumamosi. Wanachama wote. Na watakula."

Verediana akaanza kuhesabu majogoo wa kwao kwa vidole. Mzee Qamara alicheka mpaka gongo likamdondoka.

Jumamosi walifika kweli, wamejaa kwenye lori la kukodi, na Hilda alikuja na sufuria lake tupu kabisa la kubebea mabaki. Verediana na mama yake walikuwa wamechinja majogoo wote waliokuwapo na kusonga ugali tangu asubuhi. Wolfgang alikula, akaongezwa, akaongezwa tena, akasifia mchuzi kwa maneno marefu. Alipoinua sahani kuomba mara ya nne, Verediana akaichukua, akaiweka juu ya rundo la vyombo vichafu, akamwonyesha karai la kuoshea.

"Maji ya moto yako jikoni, mratibu."

Wolfgang akakunja mikono ya shati, akainuka.