Kiti cha Bi Mkubwa

Siku ya mbio mjinga alikuwa fundi makochi. Hilo halina ubishi, kwa sababu tangu hapo amelisema mwenyewe kwa kila mteja aliyeingia karakana yake. Mtu mzima, mwenye ndevu na heshima zake, alisukuma mkokoteni kupandisha mlima asubuhi na mapema. Juu ya mkokoteni kuna kiti, na juu ya kiti zimekaa kilo zote ambazo mkewe alikuwa amezipunguza. Waliokutana naye njiani walimsalimia, akaitikia huku anahema.

Lakini mambo yalianzia kwenye kiti.

Fundi huyu hakumpima mteja kwa futi. Alimkalisha juu ya sponji tupu, akapiga magoti, akaangalia amezama kiasi gani, halafu akachora mstari wa chaki kwenye mguu wa fremu. "Futi inajua urefu," alikuwa akisema. "Makalio yanajua ukweli." Mkewe, karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, alipimwa hivyo hivyo walipooana, akatengenezewa kiti chake. Kila mwaka, siku waliyooana ilipofika, alikalishwa tena, mstari mpya ukachorwa chini ya ule wa zamani, na fundi akaongeza springi, au mkanda wa mpira, au akapanua mahali pa kuwekea mkono. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi. Waume wengine huleta maua.

Mjini hapakuwa na kiti kingine cha kumbeba. Kwa watu, viti vya plastiki vilipasuka chini yake, na wenyeji wakacheka kwa upole, na hakuna kicheko kinachouma kama cha upole. Mwishowe akawa haendi kwa mtu. Akitoka kazini anakuja kukaa. Fundi alipofunga karakana alimkuta palepale, na moyo wake ukatulia.

Halafu magoti yakakataa, sukari ikapanda, na daktari akamwambia achague kisu au mkongojo. Akachagua kisu. Tumbo la chakula likapunguzwa likabaki kama kikombe cha kahawa. Akawa anakula kwa kijiko cha chai, supu leo, nusu yai kesho, na maji anakunywa kando, kidogo kidogo, kama anayeonja sumu. Alianza kutembea kwenye korido. Akafika getini. Akafika kituo cha mafuta. Siku moja akiwa anarudi kutoka kituo cha mafuta mvua ikamtishia, akakimbia, na alipofika getini akasahau kusimama. Akapita moja kwa moja. Fundi alikuwa mlangoni na mwavuli mkononi. Alimwona akikata kona.

Kuanzia hapo akajiunga na wakimbiaji wa asubuhi, wanaofundishwa na mstaafu mmoja mwembamba aliyeitwa Kijiti. Ngozi iliyobaki bila kazi aliibana kwa nguo ya ndani ya kubana, akafunga kamba za raba, akaondoka na chupa yake ndogo. Alirudi ameloa, uso unang'aa. Uso huo ndio fundi hakuupenda. Alikuwa anaufahamu. Alikuwa ameuona mara moja tu, siku aliyomposa, na hakujua kama unaweza kuletwa na mtu mwingine.

"Nani amekuchekesha?" aliuliza.

"Hakuna. Ni mteremko."

"Mteremko gani unachekesha mtu?"

"Ule wa sokoni. Twende kesho ukauone."

Hakwenda naye. Alimfuata kwa baiskeli, amevaa kofia ya kuazima. Aliona watu wazima wakitema mate na kushika viuno. Alimsikia Kijiti akisema, "Legeza mabega, mama, hujabeba ndoo." Hakuona kingine chochote, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu mwenye wivu akikosa kitu cha kuona inabidi akitengeneze mwenyewe, na yeye alikuwa fundi.

Bi Mkubwa alifika Jumanne baada ya kazi. Alikuwa na gauni la maua ya kijani ambalo mke wa fundi alishaligawa, na mkoba wa zamani. Akajifuta miguu kwenye mkeka wa mlangoni, akapita ukumbini, akakaa. Kiti kikatoa sauti yake ya zamani, mguno mrefu na kijimlio kifupi mwishoni, na fundi aliyekuwa jikoni akajua nani amekaa kabla hajachungulia. Alikuwa mkewe, jinsi alivyokuwa kabla ya kisu, hakupungua hata kidevu. Uso ulikuwa uleule.

Mkewe aliporudi aliweka funguo mezani, akamtazama mgeni, akasema, "Umefika."

Mgeni akaitikia kwa kichwa. Alikuwa hasemi.

Daktari alipoulizwa kwenye miadi iliyofuata alisema ni jambo la kawaida. Kilo zinazotoka haraka huwa hazijui pa kwenda, na hurudi hasa kwenye nyumba zenye kiti kizuri. Akaandika vitamini zaidi.

Jina la Bi Mkubwa lilitoka kwa dada yake fundi, msusi mwenye saluni inayopakana na karakana, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa hata siku ya kufunga saluni. "Hongera, kaka," alisema. "Wenzio huoa wa pili akiwa mdogo. Wewe mdogo ndiye uliyemchoka, umemrudia mkubwa." Majirani wakalichukua jina, na nyumba ikawa na Bi Mkubwa na Bi Mdogo, ambao walikuwa mtu mmoja na hawakugombana hata kwa taulo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ya tatu alipewa mto. Fundi alimwekea kigoda cha miguu, akamsogezea feni. Alimpakulia sahani iliyojaa. Bi Mkubwa hakula, maana kilo hazili, basi fundi akala sahani yake na ya mgeni, na baada ya muda suruali zake zikaanza kukataa vifungo. Jioni alikaa mbele yake akimweleza kuhusu mwenzake.

"Jana amesema Kijiti amemsifu hatua zake. Hatua! Mimi nimemjengea springi za chuma, nani ananisifu?"

Bi Mkubwa akamwangalia.

"Wewe ndiye unayenielewa," fundi alisema. "Wewe umetulia."

Bi Mkubwa akaendelea kumwangalia. Lilikuwa jicho la mtu aliyekaa muda mrefu kwenye mapokezi, akisikiliza kila anayeingia anavyodai jino lake ndilo linalouma kuliko yote.

Mbio kubwa za mji zikatangazwa, nusu marathoni, na mkewe akajiandikisha. Alimweleza mumewe huku anakata yai. Alisema hataki kushinda. Anataka kufika mwisho kwa miguu yake kabla ya gari linalookota waliochoka, basi, na akifika atajua kwamba mwili huu ni wake, hakuuazima kwa daktari. Kisha akamwomba aje kumsubiri mwisho wa mbio.

Fundi alisema atakuja. Hakusema atasimama wapi.

Asubuhi ya siku yenyewe, mkewe alipokwisha kuondoka, alimbeba Bi Mkubwa pamoja na kiti chake kwa mbao na kamba, kama anavyopakia makochi ya wateja, akampandisha mkokotenini. Dada yake alikuwa anafagia mlango wa saluni.

"Unampeleka wapi wifi yangu?"

"Mlimani. Wakamwone."

"Nani wakamwone?"

"Wote. Huyo Kijiti na wenzake. Wanamsifia hatua, hawajui alikotoka. Wakimwona Bi Mkubwa watanyamaza. Na mwenzake akimwona amekaa, atakumbuka utamu wa kukaa."

Dada aliegemeza ufagio. "Kaka, akili yako ni kama springi iliyochomoza. Haikuumi wewe, inamchoma anayekalia." Akamsogelea. "Mama mkwe wako alikuomba kiti kama hiki, ili mwanawe apate pa kukaa akienda kumtembelea. Ulimwambia nini?"

"Springi zilikuwa zimeisha."

"Na kliniki walipokuomba cha pale mapokezi?"

"Zilikuwa zimeisha," fundi alisema, akashika mikono ya mkokoteni.

Springi zilikuwa zimejaa gunia nyuma ya mlango. Dada alikuwa anaziona kila siku anapokuja kuazima mkasi.

Mlima ule ndio wa mwisho kwenye njia ya mbio. Ukiumaliza, mstari wa mwisho unauona chini. Fundi alifika juu shati limeganda mgongoni, akakitua kiti kando ya meza ya maji. Mama aliyekuwa anagawa maji alimtazama Bi Mkubwa, halafu akamtazama yeye.

"Baba, huyu ni mgonjwa?"

"Ni mke wangu."

"Na unayemsubiri?"

"Ni mke wangu pia."

Mama yule akatenga vikombe viwili.

Wakapita wenye mbio zao, wakapita wenye mbio za wastani, wakapita waliovaa kama wenye mbio zao. Kijiti akapita, akainua kofia kwa Bi Mkubwa kama kwa mtu anayemfahamu, na fundi akakasirika upya. Nyuma kabisa akatokea mkewe. Alikuwa anatembea. Chumvi imekauka usoni, midomo imekuwa ya kijivu, jasho la baridi linamtoka kama linavyowatoka watu wa tumbo dogo wakichelewa kuonja kitu. Nyuma yake, polepole kama ng'ombe aliyeshiba, gari la kuokota waliochoka lilikuwa linapanda.

Alikiona kiti. Akasimama.

"Karibu," fundi alisema. Aliifuta sehemu ya kuwekea mkono kwa leso yake. "Mwenzio amepumzika tangu asubuhi. Kaa kidogo tu. Nani atakucheka?"

Mkewe akaweka kiganja kwenye mgongo wa kiti. Kitambaa kilikuwa na joto la jua. Magoti yake yalikijua kiti kile kuliko kichwa chake, na yakaanza kujikunja yenyewe. Dereva wa gari alikwishaona hayo mara nyingi. Akafungua mlango.

Hapo Bi Mkubwa akainuka.

Kiti kikatoa sauti ambayo fundi hakuwahi kuisikia kwa miaka yote, sauti ya springi zote kurudi juu kwa pamoja. Bi Mkubwa akachukua kikombe mezani, akamnywesha mwenzake funda moja, akasubiri, akampa jingine. Alijua kiasi. Kisha akavua ndala zake, akaziweka chini ya kiti kwa adabu, akamshika mkono, wakaondoka. Walianza kwa kutembea, wakaongeza, na kwenye mteremko wakakimbia. Bi Mkubwa alikimbia kwa kishindo, gauni la kijani likipepea, bila kuchoka, kama mtu aliyepumzika kwa miezi mingi. Chini Kijiti alipiga filimbi. "Legezeni mabega, akina mama!"

Msimamizi wa mbio aliwaangalia wakivuka mstari. "Mna namba moja ya kifuani?"

"Ndiyo," mke wa fundi alijibu.

"Basi na medali ni moja."

Wakaivaa kwa zamu.

Fundi akabaki mlimani na kiti kitupu. Alipokipakia tena na kugeuza kushuka, mkokoteni ulikuwa mwepesi mno, ukamvuta, akajikuta anakimbia nyuma yake mikono imenyooka na suruali inateleza. Gari la waliochoka likamfikia. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Panda, mzee."

"Mimi simo kwenye mbio."

"Wote husema hivyo," dereva alisema, na akaendelea kumfuata taratibu mpaka chini.

Baada ya siku hiyo Bi Mkubwa hakukaa tena. Aliazima raba za dada msusi, zikamtosha. Asubuhi walitoka wawili na kurudi wawili wameloa, nyuso zinang'aa vilevile, na fundi, ambaye zamani alikuwa na mke mmoja wa kumwonea wivu, sasa alikuwa nao wawili. Majirani walizoea. Kijiti alianza kuhesabu kundi lake na mmoja zaidi.

Fundi hakuliacha jambo hilo hivihivi. Alikifungua kiti mpaka mifupa. Akalitoa gunia la springi nyuma ya mlango, akaunganisha fremu, akakata sponji jipya, akavuta kitambaa cha maua ya kijani alichokitafuta duka baada ya duka. Alipomaliza, kiti kilikuwa kipana kama kitanda cha mgeni, cha kukalia wawili, na haikubaki hata springi moja. Alikiingiza ukumbini asubuhi, wakati wawili wale wanafunga kamba za viatu.

"Tazameni," alisema. "Mtu aseme sasa kwamba simpendi mke wangu."

Mkewe alikigusa. "Kizuri, mume wangu. Mshono umetulia."

"Basi kaeni."

"Tukirudi."

"Mkirudi mnaoga, mnalala, mnaongelea miteremko. Nimekosa nini mimi? Nimewanyima nini? Nyumba nzima hii hakuna aliyewahi kukosa pa kukaa." Akapiga magoti, chaki mkononi, tayari mbele ya mguu wa fremu. "Kaeni sasa hivi, nipime."

Bi Mkubwa alikaza fundo la kamba yake. Tangu aingie nyumba ile alikuwa hajatamka neno, na alipolitamka lilikuwa kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwelekeza mgonjwa chumba cha daktari.

"Miaka yote hii umenipima," alisema, "na hujaniuliza hata siku moja kama nataka kukaa."