Nyigu wa Magogo

Magogo ya seremala yalikuwa na funza, na wenzake wa karakana walimpa siku tatu: ayachome au atoke nayo.

Yalikuwa ishirini na sita, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Ukitega sikio uliwasikia funza wakitafuna ndani, kru, kru.

"Si upige dawa?" alisema mwenyekiti wa karakana, kaka wa mkewe. Kwa ukali wake walimwita Msasa.

"Dawa inaishia juu, shemeji. Funza yuko kina cha kidole. Utamuua huyu bure."

Alimwonyesha nyigu mweusi, mwembamba kama uzi, akitembea taratibu juu ya gogo. Nyigu alisimama kama anayesikiliza kwa miguu. Kisha akainua kiuno, akazamisha mrija mwembamba kama unywele ndani ya mti mkavu, pale ambapo msumari wa fundi hupinda.

Msasa alicheka. "Umeajiri nyigu? Mshahara anachukua lini?"

"Anajilipa mwenyewe. Anamtagia funza yai, mwanawe anamla."

Siku zote tatu alishinda na chaki mkononi. Kila nyigu alipozamisha mrija, alitia alama. Mwisho aliwaita wenzake, akapasua gogo moja mbele yao. Alama tisa, funza tisa, wote wamelegea, kila mmoja ameng'ang'aniwa na kijibuu cha nyigu kama kupe.

Msasa akauliza, "Na wale ambao hajawafikia?"

Seremala angeweza kudanganya. "Wapo. Sijui wangapi."

"Basi choma. Hatungoji wahamie kwenye mbao zetu."

"Sichomi. Baba hakunirithisha kuni."

"Basi toka!"

"Natoka. Na nyigu wangu natoka nao."

Aliyasomba kwa mkokoteni mchana kweupe, mawili mawili, huku wakimzomea, "Bwana Nyigu!" Akayapanga chini ya bati nyuma ya nyumba yake. Hakuna tone la dawa lililoyagusa.

Mwaka ulipopita, hakusikia kru hata moja. Akayapasua yote. Kumi na nane yalifaa kwa vitanda.

Ilimgharimu gogo moja alilopasua mbele ya watu na saba yaliyogeuka unga. Ilimgharimu nafasi yake ya miaka kumi na minne karakanani, pamoja na msumeno wa umeme wa ushirika. Bega la kulia, kwa kupasua kwa mkono, haliinuki tena kupita sikio. Na shemeji mmoja, ambaye hajakanyaga kwake tangu siku ile.