Rosine Alipimwa Akiwa Hai

Kwenye mji wa kina Amandu, huko Lurujo upande wa Koboko, maiti hapimwi kwa kamba wala kwa futi. Anapimwa kwa utete uliokatwa kijitoni asubuhi ile ile. Wanaulaza kando yake kuanzia utosini, na pale kisigino kinapoishia ndipo panga linapopita. Wachimbaji huenda nao kaburini, na wakishamaliza kazi huuchomeka upande wa kichwa, ukae hapo mpaka uoze wenyewe. Mtoto hauchezei. Hata mbuzi, watu husema, huuzunguka.

Siku Amandu alipozikwa, Rosine aliutazama utete wa mumewe akashangaa ulivyo mfupi. Miaka kumi na sita alikuwa akimtazama mtu yule kama mrefu.

Rosine ni Mkongomani wa upande wa Aru. Alivuka mpaka akaingia Arua bado msichana, pamoja na dada yake mkubwa Mireille, wakawa wanauza vitenge. Amandu alimwona sokoni. Wazee wakakaa, wakapatana, naye akaambiwa siku ya Alhamisi kwamba Jumamosi anaolewa Koboko. Hakuulizwa, na hakukataa. Alisema, "Mungu atapanga." Alisema hivyo hivyo alipopewa jembe la kulimia tumbaku, na hivyo hivyo alipozaa watoto watatu akazika wawili. Neno lenyewe ni jema, na alilisema kwa imani. Lakini waliomzunguka walijifunza kitu: kwa Rosine mtu anaweza kupanga lolote, kisha akamsingizia Mungu.

Arobaini ya Amandu ilipopita, Aliga alikuja. Ndiye ndugu mdogo wa marehemu, na sasa ndiye mkuu wa ukoo. Akakaa kwenye kiti cha kaka yake, akainua macho akachunguza bati.

"Shemeji," akasema, "nyumba bila mwanaume inavuja."

Akaeleza taratibu. Matanga yangeondolewa Jumamosi, wiki tatu mbele, na siku hiyo hiyo wazee wangemkabidhi Rosine kwake, pamoja na Daisy, binti pekee aliyebaki. Hakusema kwa ukali. Aliga si mtu mbaya. Kaburi la kaka yake alilichimba kwa mikono yake mwenyewe, hakumwachia mtu. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Mtu mbaya humrahisishia mwenzake kumkataa.

Rosine akajibu kama alivyozoea kujibu, Aliga akaondoka ameridhika.

Aliyemwamsha ni Emilia, mke wa Aliga. Walikutana kijitoni, kila mmoja na muhogo wake wa kuloweka. Emilia alikuwa hamsalimu vizuri tangu habari ya kurithiwa ianze, na siku hiyo pia hakumsalimu. Alipanga muhogo wake majini, akauwekea jiwe juu, kisha akazungumza huku anatazama maji. Iko mwanaume Koboko mjini, mwenye kinu cha kusaga, wake wawili tayari. Amekuja mara mbili kuuliza habari ya Daisy. Aliga amemwambia angoje, mtoto aingie kwanza chini ya paa lake, amalize mwaka wa shule, basi.

Daisy alikuwa na miaka kumi na mitatu.

"Mimi sikupendi, mama Daisy," Emilia akasema. "Sitaki tugawane bwana. Lakini sisemi kwa sababu ya wivu tu. Binti yangu wa kwanza alienda hivyo hivyo. Walinirudishia yeye ndani ya shuka, na mtoto tumboni."

Rosine alirudi nyumbani akaanza novena. Kwa siku tisa aliomba ishara, hata ndogo, hata ndoto. Katekista alimwambia asiwe na haraka, Mungu hachelewi. Siku ya tisa ikaja ikapita kama ya nane. Kuku alitaga, mvua ikanyesha kidogo, jirani akaja kuomba moto. Rosine akakaa mlangoni na rozari mkononi, akafikiri jambo ambalo hakuwahi kulifikiri: kwamba kungoja nako ni kuchagua, na kwamba alikuwa amechagua hivyo tangu ujana wake, kila siku, bila kujua kama anachagua.

Kesho yake akaenda Arua.

Kwanza alipanda Arua Hill, kwenye ofisi za serikali, akakaa kwenye benchi mpaka jua likageuka. Aliyempokea alikuwa mama kijana mwenye miwani, mpole, aliyemsikiliza mpaka mwisho. Akamweleza kwamba sheria iko upande wake. Hakuna wa kumrithi kwa nguvu, na nyumba ni haki yake kukaa. Ila kwa habari ya mtoto, ili waanze kuandika, alete kwanza barua ya mkuu wa ukoo.

"Mkuu wa ukoo ni nani?" yule mama akauliza.

"Ni yeye huyo Aliga."

Yule mama akaweka kalamu chini.

Kutoka huko akashuka hadi mtaa wa Awindiri, kwa Mireille. Dada yake alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, anageuza samaki kwenye mafuta. Alikuwa na chumba cha nyuma kitupu, na nafasi pembeni ya meza yake ya vitenge. Akasema aje hata kesho. Lakini hakumficha: wale wa Lurujo hawataachia mtoto. Kwao mtoto ni wa baba, awe hai, awe chini ya udongo.

"Weye utakula, utalala, utaishi," Mireille akasema. "Daisy atakukumbuka."

"Na yeye, yaya? Ataishi?" Rosine akauliza; yaya ndivyo kwao walivyomwita dada mkubwa.

Mireille akageuza samaki aliyekwisha kugeuzwa.

"Yaya, Mungu atapanga," Rosine akasema, maana ulimi ulikuwa umezoea.

Hapo dada yake akakasirika. Akaondoa sufuria motoni kabisa. "Tangu tumevuka mupaka weye unaimba ile ile. Mungu amekupa kichwa. Amekupa siku nane mbele ya Jumamosi. Atakupa nini tena, barua?"

Rosine alilala hapo, na kulipokucha akarudi Lurujo na jina moja kichwani, jina alilowahi kulisikia likitajwa na wanawake kisha likakatizwa. Akaenda moja kwa moja kwa Emilia, akauliza Hawah alikuwa nani.

Emilia alitazama kwanza kama kuna mtu karibu. Hawah, akasema, alikuwa mke wa baba mdogo wa mkwe wao, zamani, mjane katika mji huu huu. Alikataa kurithiwa. Siku ya kuondoa matanga alilala chini kando ya kaburi la mumewe, akapimwa akiwa hai, utete wake ukachomekwa kando ya ule wa bwana. Toka siku hiyo hakuna aliyemdai, kwa sababu aliyepimwa ni wa kaburi. Atakayemshika ameshika cha marehemu. Wala watoto wake hawakuguswa. Binti hatolewi nyumbani kuolewa matanga yakiwa bado yamekaa, na matanga ya aliyepimwa hayaondolewi mpaka azikwe kweli.

"Na bei yake?" Rosine akauliza.

Hakuna aliyekula tena kwenye chungu chake, Emilia akasema. Hakualikwa harusi, hakualikwa kulima kwa zamu. Miaka arobaini. Alikuwa anasalimiwa kwa mbali, kama mtu anayepita. Na binti yake alikomaa pale nyumbani mpaka alipotoroka alfajiri moja kwenda Sudan na mwanaume asiyejulikana, bila kuagwa, bila mtu wa kumsindikiza. Nani angemtoa? Matanga yalikuwa yamekaa.

"Tena anayepima lazima awe damu yako. Huna mwingine hapa ila yule mtoto."

Rosine akalichukua hilo akalitembeza siku nne. Alilima nalo, akapika nalo, akasali nalo. Njia zilikuwa tatu, na kila moja alijua inakoishia. Ya Aliga iliishia kwenye shuka. Ya Awindiri ingempa uhai wake, na mtoto angebaki huku. Ya tatu ingemtenga na watu, lakini Daisy angekwenda shule asubuhi na kurudi jioni, kwenye nyumba yenye mlango unaofungwa kwa ndani. Hayo ndiyo maisha aliyoyataka. Hayakuwa makubwa. Hakuna aliyewahi kumwuliza anataka yapi, ndiyo sababu ilimchukua siku nne kuyataja.

Siku ya Ijumaa akamketisha Daisy, akamweleza. Alimwambia habari ya mwenye kinu, na ya binti wa Emilia, na ya chungu ambacho watu hawatakula. Akamwambia atakachotakiwa kufanya. Jambo moja tu hakulitaja, lile la matanga yasiyoondolewa na binti asiyetolewa. Alijiambia mtoto ni mdogo mno kwa neno hilo. Daisy alisikiliza, akauliza kama utete ukatwe kijitoni au penye bonde.

Jumamosi watu walijaa. Wazee walikaa kwenye kivuli cha banda la kukaushia tumbaku, na Rosine alikuwa amepika tangu jana yake, maharage vyungu viwili na enya, ugali ule wa muhogo, wa kutosha mji mzima. Aliga alikuja na beberu. Akasema maneno yake vizuri, akamtaja kaka yake kwa heshima, na wazee wakaitikia. Kisha wakamwita mjane asogee.

Rosine alisogea, lakini akawapita. Akaenda mpaka penye kaburi, akatandika mkeka upande wa kushoto wa Amandu, akalala chali, mikono kifuani. Daisy akatoka nyuma ya nyumba na utete mkononi, na panga.

Kwanza hawakuelewa. Kisha mzee mmoja akaelewa, akasimama hata kofia ikamwanguka. Mwingine akauliza huyu Mkongomani amefundishwa na nani. Emilia alikuwa penye vyungu, na macho yake hayakutoka kwenye vyungu.

Rosine, alipolala pale, aliona kidevu cha binti yake kwa chini, na kovu dogo ambalo hakujua analo. Utete ukamgusa utosini, ukalala begani, ukashuka. Ulikuwa bado na umande. Alijaribu kusali, akakuta anahesabu tu pumzi za mtoto.

Aliga alikuwa amefika pale kaburini. Akasimama miguuni pake.

"Shemeji, simama. Mimi nilikukosea nini?"

"Hujanikosea, shemeji."

"Basi simama. Unajua hii kitu unafanya?"

"Hii najua," Rosine akasema. "Zile zingine zote sikujua. Hii najua. Daisy, kata."

Panga likapiga chini karibu na kisigino, udongo ukamrukia mguuni. Daisy akauchukua utete, akauchomeka kando ya ule wa baba yake uliokwisha kugeuka kijivu. Ule mpya ulikuwa wa kijani. Akausukuma kwa mikono miwili mpaka ukasimama.

Aliga akafungua kamba ya beberu wake, akaondoka naye, na wazee wakamfuata. Wengine walikuwa wamekwisha kunawa mikono. Waliikung'uta hivyo hivyo ikiwa na maji. Hakuna aliyekula. Jua lilipokaribia kuzama, Rosine na Daisy walibeba vile vyungu wakavimwaga kwenye shimo la takataka, mara tano kwenda na kurudi, maana chakula kilikuwa cha watu, na watu hawakukitaka.

Ikawa kama Emilia alivyosema. Zamu ya kulima ilipofika kwake, hakuna jembe lililokuja. Kanisani, kwenye benchi lake, ilibaki nafasi ya watu wawili huku na wawili huku. Katekista alikuja kumwambia kwamba jambo alilofanya ni la kipagani, na kwamba alipaswa kungoja. Rosine akamjibu kwamba alingoja siku tisa. Katekista hakukubali kikombe cha chai. Rosine alikwenda kanisani Jumapili iliyofuata na zilizofuata, akakaa katikati ya nafasi yake.

Mwenye kinu wa Koboko hakurudi. Alichukua msichana wa mji wa pili, mmoja wa darasa lile lile la Daisy. Rosine aliposikia alikaa chini, akamtaja yule mtoto katika sala zake kila jioni, kwa jina, na hakuona kama sala hiyo inamtosha.

Daisy alikwenda shule. Wiki za kwanza alikuwa akirudi, anapewa chakula kwa mlango wa nyuma na Emilia, anakula amesimama. Rosine aliona. Kila jioni aliweka sahani mbili, akaondoa mbili.

Mwezi wa pili, jioni moja, Daisy alirudi akaketi mbele ya ile sahani ya pili. Akajipakulia mwenyewe. Akala matonge matatu.

"Wasichana kisimani wameniambia," akasema. "Sitatolewa hapa. Mpaka ufe."

Rosine akaweka tonge chini.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Yote mengine uliniambia. Utete nilikata mimi. Mbona hiyo hukuniuliza?"

Rosine alitafuta neno. Lile la zamani lilikuja mpaka kwenye ulimi, Mungu atapanga, akalizuia hapo hapo, maana safari hii aliyepanga anamjua. Ilikuwa siku ya Alhamisi. Alikumbuka Alhamisi nyingine, na wazee waliokuja kumwambia kwamba Jumamosi anaolewa, na jinsi walivyokuwa na uhakika kwamba wamemtendea wema.

"Sikukuuliza," akasema. "Ni kweli."

Daisy akavuta sahani karibu, akaendelea kula, polepole, bila kuinua macho.

"Chumvi iko kidogo," akasema.

Rosine akainuka kwenda kuileta.