Aliyengojwa Bondeni

Kila alipowapeleka watalii hifadhini, dereva alisimamisha gari juu ya kilima, akawaonyesha mto, nyati, na kule chini paa la bati la banda la farasi. Hakuwaambia kwamba aliyekuwa akiwatunza farasi wale ni baba yake mzazi. Walikuwa wamekosana. Mzee alitaka mwanawe arithi kazi, na kijana akajibu kwamba hakuzaliwa kunuka samadi. Neno likitoka halirudi. Hasira zilipoisha ikabaki haya, na haya ikamzuia kushuka bondeni mwaka baada ya mwaka.

Mzee alipofariki, dada wa dereva, fundi cherehani, alimwomba siku moja tu: asubuhi wapande farasi, mchana wazunguke na gari. Alisema amechoka kusimuliwa habari za twiga na wateja wake ilhali ana kaka dereva.

Bandani walipokewa na Kipara, aliyefanya kazi na mzee tangu ujana. Dada alipanda farasi bila wasiwasi, kwani baba alimfundisha enzi za likizo za shule. Dereva, mtu wa kukata kona za milimani kwa mkono mmoja, aling'ang'ania hatamu kama anayening'inia kisimani. Farasi akasimama kula majani. Dereva akasema breki kaziona, akauliza gia ziko wapi. Wakacheka wote.

Walipokuwa wakirudi kando ya mto, Kipara, aliyekuwa akimwongoza farasi wa dereva kwa kamba, akamuuliza polepole, "Wewe ndiye wa lile gari jeupe?"

"Ndiye mimi."

"Mzee akiliona kule juu, alikuwa anatoka nje. Tukimwambia apande kilima akakusalimie, anasema, 'Mwacheni, yuko kazini. Akimaliza atashuka.' Anasimama pale uani mpaka uondoke."

Dereva aliposhuka alikwenda moja kwa moja garini bila kuaga, wakadhani ni uchovu wa tandiko.

Mchana dada alifurahia pundamilia, akauliza majina ya ndege, akajibiwa kwa mkato. Pale kilimani gari halikusimama. Mbele kidogo, barabara ilipoingia msituni, tembo wakakata njia. Dereva akazima injini.

"Baba alikufa ana kinyongo na mimi?"

"Mwanzoni alikasirika," dada akasema. "Baadaye alikuwa anakungoja tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Kaka, nilikuwa nikimtaja, wewe unaanza habari za matairi."

Ilikuwa kweli. Tembo walikwisha kupita. Gari la nyuma likapiga honi. Dereva akashika ufunguo, mkono ukakataa, akainamia usukani, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Dada hakumbembeleza. Alitoa mkono dirishani, akawaashiria wale wa nyuma wapite. Wakapita, na wengine wakapita, na vumbi lao likaingia ndani, na hakuna aliyefunga kioo.